Kwa nini picha ya osiloskopu haitulii: kapulingi ya triga na namna ya kuichagua

Popote mafundi wa elektroniki wanapokutana, lalamiko ni lile lile: probu, yaani waya wa kupimia, imeunganishwa, signali ipo, lakini picha kwenye skrini ya osiloskopu haitulii. Inatembea kushoto, inarukaruka, au inaonekana kama mawimbi mawili yaliyolaliana. Mtu anazungusha vifundo vyote, mwisho anaingia kwenye menyu ya triga na kukuta mstari ulioandikwa Coupling wenye chaguo nne au tano: DC, AC, LF Rej (kuzuia masafa ya chini, yaani mabadiliko ya polepole), HF Rej (kuzuia masafa ya juu, ya haraka), Noise Rej (kuzuia kelele). Anabonyeza moja baada ya nyingine hadi picha itulie, kisha anaendelea na kazi bila kujua kilichotokea. Akija kupima saketi nyingine, chaguo lile lile linamtupa.

Maelezo yanayozunguka midomoni mwa watu nayo yanachangia. Utasikia kwamba DC ni ya betri, AC ni ya umeme wa ukutani, na HF Rej inasafisha kelele kwenye picha. Hakuna hata moja lililo sahihi, na hilo la mwisho ndilo linalowapotezea watu muda mwingi zaidi.

Triga, kwa maneno mepesi

Osiloskopu inachora jinsi volteji inavyopanda na kushuka kadiri muda unavyopita. Signali ya kilohezi 1 inajirudia mara 1,000 kila sekunde, kasi ambayo jicho haliwezi kuifuata. Kwa hiyo kifaa kinachora kipande kimoja, kisha kingine juu yake, kisha kingine tena, bila kukoma. Picha inatulia pale tu vipande vyote vinapoanzia mahali pamoja kwenye wimbi.

Mfikirie mpiga picha anayempiga mtoto aliye kwenye pembea. Akibonyeza ovyo, kisha akazipanga picha zote moja juu ya nyingine, mtoto ataonekana yuko kila mahali. Akibonyeza kila pembea inapopita usawa wa nguzo ikielekea mbele, picha zote zitalingana. Triga ndiyo uamuzi huo wa kubonyeza. Usawa wa nguzo ni kiwango cha triga, yaani volteji unayoipanga kwa kifundo cha Level. Kuelekea mbele ni mwelekeo, yaani kama unataka ukingo unaopanda au unaoshuka.

Utaratibu huu haukuwa wa kila kifaa tangu mwanzo. Osiloskopu nyingi za awali zilimtaka mtumiaji airekebishe kasi ya uchoraji mpaka iende sambamba na signali, na kasi ikiteleza kidogo, picha nayo inakimbia. Modeli ya 511 iliyotolewa mwaka 1947 na Tektronix, kampuni iliyoanzishwa Portland, Oregon, mwaka mmoja kabla, ni miongoni mwa vifaa vilivyoufanya uchoraji unaosubiri triga kuwa jambo la kawaida.

Kapulingi ya triga sasa ni miwani aliyovaa yule mpiga picha. Miwani inaweza kumfichia vitu fulani ili asichanganyikiwe kuhusu lini abonyeze. Kamera yenyewe haina habari na miwani hiyo, inapiga kila kilichopo.

Njia mbili ndani ya kifaa kimoja

Hapa ndipo mkanganyiko mwingi unapoanzia, kwa hiyo tuende taratibu. Signali ikitoka kwenye probu inakutana kwanza na kapulingi ya chaneli, ile inayopatikana ukibonyeza kitufe cha CH1 au CH2. Inapita kwenye kikuza, halafu njia inagawanyika. Tawi moja linakwenda kuchorwa. Tawi la pili linakwenda kwenye saketi ya triga, na mlangoni pa tawi hilo la pili ndipo ilipo kapulingi ya triga. Osiloskopu kadhaa za kisasa zinaifanya kazi ya triga kwa hesabu baada ya signali kugeuzwa namba, lakini mgawanyo wa matawi unabaki ule ule.

Kutokana na mpangilio huo, ukiweka kapulingi ya chaneli kuwa AC, volteji ya kudumu imeshaondolewa kabla njia haijagawanyika. Triga hata ukiipanga DC haitaiona, maana haikufika. Kinyume chake, ukiacha chaneli iwe DC na triga ukaipanga AC, skrini inaonyesha kila kitu na triga peke yake ndiyo imefichwa volteji ya kudumu. Menyu mbili zina herufi zile zile, AC na DC, na waliozipanga hivyo hawakutusaidia hata kidogo.

Jambo jingine la kuweka sawa kabla ya kugusa kapulingi ni hali ya triga. Ikiwa Auto, kifaa kikikosa triga kwa muda kinachora tu, ilimradi skrini isibaki tupu. Inafaa kwa kazi ya kawaida, ila wakati wa kutafuta kasoro inakudanganya: huwezi kujua kama picha inakimbia kwa sababu triga inapata sehemu zisizo sahihi au kwa sababu haipati kitu kabisa. Ipeleke Normal. Picha ikiganda au skrini ikibaki tupu, ujue signali inayoifikia triga haivuki kiwango ulichopanga. Ikiendelea kurukaruka, triga inapata nafasi nyingi kuliko inavyotakiwa. Hayo ni magonjwa mawili tofauti na dawa zake ni tofauti.

DC: anzia hapa

DC haimaanishi signali ya betri. Inamaanisha triga inapewa kila kitu, volteji ya kudumu pamoja na mabadiliko, ya polepole na ya haraka. Kiwango cha triga kinakuwa volteji halisi: ukipanga 2.5 kwenye signali ya kidijitali inayokwenda kati ya 0 na 5, triga inafyatuka signali inapovuka volti 2.5, na kishale kilicho pembeni mwa skrini kinaonyesha mahali penyewe.

Kwa maoni yangu, kazi nyingi za benchi hazihitaji kutoka DC. Signali za maikrokontrola, mapigo ya saa na mawimbi ya jenereta yanatulia vizuri hapo, kinachobaki ni kukipeleka kiwango katikati ya wimbi. Watu wengi wanaokimbilia kapulingi tatizo lao ni kiwango kilichobaki juu au chini ya signali. Ondoka DC pale tu unapoweza kukitaja kwa jina kitu kinachoisumbua triga.

AC: kiwango kinapofuata wastani

Kapulingi ya AC inaweka kapasita njiani. Volteji ya kudumu inazuiwa, mabadiliko yanapita. Mpaka wake katika vifaa vingi uko chini sana, kuanzia hezi chache hadi makumi ya hezi, kwa hiyo hata umeme wa ukutani wa hezi 50 au 60 kwa kawaida unapita.

Inafaa pale unapotaka kutazama mabadiliko madogo yaliyokaa juu ya volteji kubwa ambayo haitulii. Tuseme unafuatilia signali ya milivolti 200 iliyopanda juu ya volti 3, na hizo volti 3 zinahama polepole saketi inapopata joto. Triga ikiwa DC, utalazimika kukifuata kiwango kwa mkono. Ikiwa AC, kiwango cha sifuri kinabaki katikati ya yale mabadiliko hata volteji ya chini yake ikihama.

Gharama yake ni kwamba sifuri ya triga si sifuri ya saketi tena, ni wastani wa signali, na wastani huo unaweza kuhama bila wewe kugusa chochote. Chukua mapigo ya volti 0 hadi 5 yanayokaa juu kwa asilimia 10 tu ya muda. Wastani wake ni volti 0.5. Baada ya kapasita, triga inaona mapigo yanayokwenda kutoka hasi 0.5 hadi chanya 4.5. Ukipanga kiwango cha volti 2, kila kitu kiko sawa. Sasa saketi inaongeza upana wa mapigo, kama zile zinazodhibiti kasi ya mota zinavyofanya, mpaka yanakaa juu kwa asilimia 90 ya muda. Wastani umekuwa volti 4.5, na triga inaona hasi 4.5 hadi chanya 0.5. Kiwango chako cha volti 2 kimebaki hewani, juu ya kilele cha signali. Picha inapotea ilhali saketi inafanya kazi barabara, na fundi anaanza kuitafuta kasoro kwenye transista isiyo na kosa. Kwa mapigo ya upana unaobadilika, baki DC.

Tukio linalotokea mara moja nalo halipatani na AC. Ugavi wa umeme unaopanda pole pole kutoka volti 0 hadi 5 kwa milisekunde 100, ukipita kwenye kapasita yenye mpaka wa hezi 10, triga haitaona zaidi ya takriban volti 0.8, kwa sababu kapasita inamwaga kile kinachopanda karibu kwa kasi ile ile kinavyoingia. Ukikaa ukisubiri kiwango cha volti 2.5 kivukwe, utasubiri sana.

HF Rej na ile picha ya mawimbi mawili

HF Rej inazuia masafa ya juu yasiifikie triga. Mpaka wake katika modeli nyingi uko karibu na kilohezi 50, ingawa unatofautiana, na mwongozo wa kifaa chako ndio wenye jibu.

Tazama kwa karibu inachoponya. Una wimbi la sain, yaani lenye mikunjo laini isiyo na kona, la kilohezi 1, linalopanda hadi volti 1 na kushuka hadi hasi 1. Juu yake imekaa kelele ya megahezi 1, urefu wake milivolti 300 kutoka shimo hadi kilele. Kiwango ni sifuri, mwelekeo ni kupanda. Wimbi hilo likipita sifuri linakwenda kwa takriban milivolti 6 kila maikrosekunde. Kelele ile inamaliza mzunguko mzima katika maikrosekunde moja. Maana yake, wimbi linahitaji kama maikrosekunde 48 kulipita eneo ambalo kelele inaweza kuigusa sifuri, na ndani ya muda huo kelele imepanda na kushuka zaidi ya mara 40.

Sasa fikiria wimbi likiwa linashuka. Wewe umeomba ukingo unaopanda, lakini ndani ya mteremko huo kelele inapanda mara kwa mara na kuivuka sifuri kwa kwenda juu. Triga inaona ukingo unaopanda na inafyatuka. Uchoraji mmoja unaanzia kwenye mpando wa kweli, mwingine unaanzia kwenye mpando wa uongo ulio katikati ya mteremko. Skrini inaonyesha mawimbi mawili yanayopishana kama herufi X kwenye nukta ya triga. Ukiiona X hiyo kwenye wimbi la polepole lenye ukungu, karibu kila mara ndiyo hii hadithi.

Ukichagua HF Rej yenye mpaka wa kilohezi 50, kelele ya megahezi 1 inapunguzwa takriban mara 20, inabaki milivolti 15 hivi, na wimbi la kilohezi 1 halipungui kwa kiasi cha kujali. X inatoweka.

Kelele lakini bado iko pale pale kwenye picha. Wimbi limetulia na limevaa ukungu wake wote. Watu wanaliona hili na kudhani HF Rej imeshindwa, wanaizima, na X inarudi. Haikushindwa. Imemfumba macho mpiga picha, haikugusa kamera. Anayetaka kelele ipungue kwenye picha yenyewe atafute kikomo cha masafa kwenye menyu ya chaneli, ambacho katika vifaa vingi ni megahezi 20, au atumie wastani wa michoro mingi. Na ajue kwamba kikomo cha megahezi 20 kisingefanya lolote kwa kelele ya megahezi 1.

HF Rej ikiwekwa kwenye signali ya haraka inaleta hasara. Wimbi la mraba la megahezi 1 litafika kwenye triga likiwa limenywea mpaka sehemu ndogo tu ya ukubwa wake, na picha itakimbia kwa sababu yako mwenyewe. Hata kwa signali zinazopita, kichujio kinachelewesha. Kwa hiyo usishangae nukta ya triga ikionekana maikrosekunde chache pembeni ya pale wimbi linapokata kiwango.

LF Rej: mvumo na mapigo

Hii ni kinyume chake. Inazuia masafa ya chini, na kwenye modeli nyingi mpaka nao uko karibu na kilohezi 50. Volteji ya kudumu inaondoka pamoja nayo.

Mfano wa kawaida ni mapigo madogo ya haraka yaliyopanda juu ya mvumo wa umeme wa ukutani. Mvumo ni volti 2, mapigo ni milivolti 200. Kwa kapulingi ya DC, triga inafuata mvumo na mapigo yanatawanyika. Kwa LF Rej, mvumo wa hezi 50 uko mara 1,000 chini ya mpaka, hivyo unabaki milivolti 2 tu mbele ya triga. Mapigo yanapita.

Ukiangalia skrini wakati huo utaona jambo la kuvutia: mapigo yamesimama kabisa kwa upande wa kushoto na kulia, lakini yanaelea juu na chini. Wengi huona kuelea huko wakafikiri triga haijafanya kazi. Imefanya, ndiyo maana mapigo hayaendi pembeni. Kinachopanda na kushuka ni mvumo, ambao bado unachorwa. Ukitaka uondoke, kagua waya wa ardhi wa probu kabla ya menyu yoyote. Na kama unachotaka kuchunguza ni mvumo wenyewe, usiuzuie: badilisha chanzo cha triga kuwa Line, kinachofuata umeme unaokilisha kifaa.

Kuna dhana kwamba LF Rej haifai kwa signali yoyote inayojirudia chini ya kilohezi 50. Si kweli, na hapa ndipo inabidi kufikiri kidogo. Kichujio hakihesabu signali inajirudia mara ngapi kwa sekunde, kinaangalia inabadilika kwa haraka kiasi gani. Wimbi la mraba la kilohezi 1 lenye kingo kali litapita likiwa miiba: mwiba wa juu kila linapopanda, wa chini kila linaposhuka. Triga inafyatuka kwenye miiba hiyo bila shida. Wimbi la sain la kilohezi 1 hilo hilo, lisilo na kingo, litapunguzwa mara 50 na triga italikosa.

Noise Rej

Hii haichuji masafa. Inaongeza kitu kinachoitwa histeresisi: signali ikishavuka kiwango, inatakiwa ishuke umbali fulani chini yake kabla triga haijakubali kufyatuka tena. Kila saketi ya triga ina histeresisi kidogo, Noise Rej inaipanua. Ni chaguo la pale kelele na signali ziko kwenye masafa yanayokaribiana, ambako kichujio kingeziondoa zote mbili.

Kwa kuwa umbali huo katika vifaa vingi unapimwa kwa visanduku vya gridi na si kwa volti, signali inayojaza nusu kisanduku huenda isitoshe kabisa. Ikuze kwa kifundo cha volti mpaka ichukue visanduku vinne au zaidi, halafu ndiyo uiwashe. Mara nyingi kuikuza tu kunatosha.

Pasipoponywa na kapulingi

Data ya mfululizo ni mfano mzuri. Pakiti moja ina kingo nyingi zinazopanda, zote halali, zote safi. Triga inaweza kuanzia ukingo wowote kati yake, na picha inakuwa msongamano. Hakuna cha kuchuja hapo, maana hakuna kelele. Unachohitaji ni Holdoff, muda ambao triga inalazimishwa kunyamaza baada ya kufyatuka. Upange uzidi kidogo urefu wa pakiti, lakini usifikie mwanzo wa pakiti inayofuata. Kama kifaa chako kina triga ya itifaki husika, tumia hiyo na uachane na holdoff.

Vile vile, ukipunguza kasi ya uchoraji kupita kiasi, osiloskopu ya kidijitali inaweza kuchukua sampuli chache mno na kukuchorea wimbi la masafa ambayo hayapo, linalotembea taratibu. Triga haihusiki na kubadilisha kapulingi hakutalisimamisha.

Na ukishamaliza, rudisha DC. Osiloskopu nyingi za kidijitali zinakumbuka mipangilio hata zikizimwa, na HF Rej iliyosahaulika haionyeshi dalili yoyote hadi mtu mwingine alete signali ya megahezi 10. Kama hujui kifaa kimeachwa vipi, kitufe cha Default Setup kinafuta yote kwa mguso mmoja.